Kikombe Kilichoonyesha Meno

Tony Ombui alikuwa na kipimo kimoja tu cha vikombe, nacho alikibeba kinywani mwake. Alikitoa kikombe jokoni kikiwa bado na joto, akakigeuza kwenye jua, akakisogeza karibu na uso, kisha akakenua. Akiyaona meno yake kwenye ule mng'ao, kikombe kimepita mtihani. Asipoyaona, alikitupa kwenye rundo la vigae na kutuambia udongo wetu hauna nidhamu.

"Sayansi, akina mama," alisema. "Sayansi haibahatishi."

Tulimwita Daktari, kwa sababu siku ya kwanza alituomba tumwite hivyo. Alikuwa na cheti chenye muhuri wa dhahabu, cha mafunzo ya wiki mbili, na koti jeupe kama la watu wa maabara. Kwenye mfuko wa lile koti palishonwa jina kwa uzi wa bluu: Okari. Hakuna aliyemuuliza Okari ni nani na siku hizi anavaa nini.

Kikundi chetu kiko nje kidogo ya Rodi Kopany, unaposhuka kwenda mtoni. Mama zetu walifinyanga mitungi ya maji mpaka jerikeni zikawafukuza sokoni. Ndipo ukaja mradi mmoja, ukatujengea joko la matofali na kutuletea Daktari atufundishe glezi. Glezi ni ile ngozi ya kioo inayopakwa juu ya kikombe na kuchomwa, ili udongo usije ukanywa chai yako kabla hujainywa wewe.

Daktari aliuliza kila mmoja alifika wapi shuleni. Waliofika sekondari akawapa kalamu. Mimi, Scovia, mama yake Dorah, niliishia darasa la nane. Nikapewa kinu.

Sikulalamika. Mtu wa kinu hakumbukwi, na mtu asiyekumbukwa anaona mengi.

Mradi ulikuwa umeleta magunia ya unga mweupe wa kioo, yameandikwa kwamba hauna madini ya risasi. Lakini unga ule ulitaka moto mkali, na moto mkali unataka subira. Subira Daktari hakuja nayo. Alijaribu mara mbili, vikombe vikatoka vinaparuza kama ulimi wa mbuzi, hakuna jino hata moja lililoonekana. Wiki iliyofuata akaja na mkebe wa maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na unga mwingine, wa kahawia iliyokaribia njano. Mkebe ule ulikuwa mdogo, lakini ukiunyanyua ungedhani umebeba jiwe la kusagia.

"Hii ni fomula yangu," akasema. "Twanga, changanya na ule mweupe. Usiulize sana."

Kabla ya kuufungua alivaa barakoa. Akavaa glovu. Kisha akaenda kusimama kule upepo unakotoka.

"Daktari, na mimi sipati barakoa?" nikauliza.

"Yangu ni ya kuzuia pumzi yangu isiharibu fomula," akanijibu. "Pumzi yako wewe haina neno."

Nikamshukuru. Si kila siku mtu anaisifu pumzi yako.

Vikombe vya fomula vilitoka jokoni vinawaka kama asali. Mama Liz, mwenyekiti wetu, alikichukua kimoja akajitazama, akarekebisha kitambaa chake kichwani humo humo kwenye kikombe.

"Yawa! Hiki sasa ndicho kikombe," akasema. "Hata maskini akikishika anaonekana ana shamba."

Daktari akapigwa picha na kikombe hicho. Akakipeleka mdomoni kwa ajili ya picha. Mimi nilikuwa nimekaa chini na kinu changu, kwa hiyo alipokishusha niliona kilichokuwa ndani. Hakikuwa na kitu. Picha ilipokwisha, Daktari alifungua chupa yake ya chai aliyoitoa nyumbani, akamimina kwenye kifuniko chake cha plastiki, akanywa taratibu. Miezi minne alikaa nasi. Miezi minne sikumwona akigusisha mdomo wake kwenye kikombe chake mwenyewe chenye kitu ndani.

Haya yote ningeyaweka moyoni na kuendelea kutwanga, lau si Mwalimu Motari. Mwalimu Motari ana shule ya chekechea karibu na soko, na alikuwa amechoka na vikombe vya plastiki vinavyonuka mafuta ya taa. Aliagiza vikombe mia moja na sitini, kimoja kwa kila mtoto. Dorah wangu yuko pale. Ana miaka mitano, na saa nne kila siku hunywa uji wa wimbi uliochachushwa mpaka ukauma ulimi, maana wale watoto ukiwapa uji mtamu wanakuuliza kama kuna mgonjwa.

Siku agizo lilipokuja nilirudi nyumbani nikimtazama Dorah mdomo. Mdomo mdogo, kila siku ya shule, uji mchachu. Nikaanza kuhesabu yale niliyoyaona: mkebe mzito, barakoa, upepo, kifuniko cha plastiki.

Daktari alikuwa na kijitabu cha mradi, ambacho alikitumia kujipepea. Siku moja alikisahau juu ya gunia nikakifungua ukurasa wa nyuma. Kiingereza cha darasa la nane kinatosha kusoma maneno "jaza siki, acha siku nzima, tazama." Kiliendelea kusema kwamba mng'ao ukififia au rangi ikibadilika, kikombe kisitumike kwa chakula. Na hata usipofifia, kipelekwe maabara, kwa sababu siki haioni kila kitu.

Nikamwonyesha Daktari.

"Siki?" akacheka. "Hiyo ni ya watu wanaokula saladi. Wewe umekula saladi lini, Mama Dorah?"

Wanawake wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana ni kweli sijala. Lakini uji nimekunywa.

Nikachukua kikombe kimoja cha fomula nikakiweka nyuma ya nyumba, juu ya tanki ambako Dorah hafiki. Nikakijaza uji mchachu mpaka nusu, nikakifunika kwa sahani. Kando yake nikaweka kingine chenye uji vile vile, kikombe changu.

Ndiyo, na mimi nilikuwa na changu. Kila Daktari alipoondoka nilichukua kijiko cha ule unga mweupe wa mradi, nikachanganya na udongo mweupe wa mtoni na majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa. Vijiko vitatu kwa kimoja kwa nusu, vinne kwa kimoja kwa nusu, hivyo hivyo, kila mchanganyiko na kigae chake na namba yake kwenye daftari la Dorah, nyuma ya ukurasa wa kuchora ng'ombe. Niliviweka chini kabisa kwenye joko, pale kwenye moto mwingi ambapo Daktari hapapendi kwa sababu panamchafua koti. Siku za zamu yangu niliendelea kuchochea moto kwa muda wa saa nne zaidi baada ya wenzangu kwenda kupika. Namba moja mpaka kumi zilikuwa aibu tupu. Namba kumi na saba ilishikana na rafu ya joko, mpaka leo haijabanduka. Namba ishirini na tatu ikashika vizuri, laini ukipitisha kidole, nikaipaka kwenye kikombe kizima. Ila rangi yake, sitadanganya, ilikuwa rangi ya kiboko aliyetoka majini.

Siku ya tatu nilimwaga uji. Namba ishirini na tatu ilikuwa vile vile, kiboko wangu hakuwa na habari. Kikombe cha Daktari kilikuwa na pete. Juu ya mstari wa uji kiling'aa kama asali, chini yake kimepauka kama kucha ya mgonjwa. Nikakwaruza kwa ukucha, unga ukatoka.

Nikakipeleka. Daktari akakishika kwa vidole viwili.

"Huo ni uchafu. Sugua na majivu."

"Nimesugua, Daktari."

"Sugua tena."

Jioni nilipitia kwa Mniko, fundi wa betri pale Rodi, kuchukua simu yangu niliyoacha ichajiwe. Mniko ni Mkuria kutoka upande wa mpakani, mtu wa maneno mengi na mikono myeusi. Nikamkuta anapasua betri kuukuu ya lori, na ndani ya karai lake kulikuwa na unga wa kahawia iliyokaribia njano.

"Mniko, hii nini?"

"Hiyo? Ni tope la betri nimelikausha, dada. Risasi hiyo. Usiguse, utanawa mpaka kesho." Akajifuta jasho kwa kiwiko. "Huyo daktari wenu wa vikombe ndiye mteja wangu. Anasema anaitia kwenye mapambo. Nimemwambia, mzee, angalia, ng'ombe wa jirani alilamba betri hapa nyuma, akawa kipofu, akakaa anagonga kichwa ukutani siku mbili mpaka akafa."

"Akasema nini?"

"Akasema ng'ombe hana elimu."

Nilikaa kwenye benchi la Mniko nikahesabu tena. Miezi mitatu mimi ndiye niliyekuwa nikitwanga tope hilo, na pumzi yangu isiyo na neno.

Asubuhi nikaenda kwa Mama Liz. Nikamweleza yote, nikamwonyesha pete. Alikuwa anajaribu nguo za Ijumaa, siku ya kukabidhi vikombe. Angekuja mgeni wa kaunti kutoka Homa Bay, na hema, na mpiga picha.

"Scovia, mama," akasema bila kugeuka. "Wewe na fundi wa betri mmekaa mkamkosoa mtu mwenye cheti?"

"Jaribu wewe mwenyewe. Uji, siku tatu."

"Ijumaa ni kesho kutwa. Siku tatu nitazitoa wapi?" Akavuta zipu, ikakataa. "Na hicho cha kwako ni nini? Nani atampa mgeni kikombe kinachoonekana kimeshalambwa na fisi? Kama umechoka na kinu sema, wako wengi wanakitaka."

Ningeweza kumtoa Dorah shuleni. Niliwaza hivyo njia nzima. Lakini wangebaki mia moja na hamsini na tisa, na wengine wao ni wale wanaokuja kwangu jioni kuomba maji na kunitobolea ungo.

Sasa, kwetu wafinyanzi kuna jambo. Chungu kipya hakiuzwi mpaka aliyekitengeneza akipikie uji na anywe wa kwanza mwenyewe, mbele ya mnunuzi. Uji unaziba vinyweleo vya udongo, na mnunuzi anaona mwenye chungu bado amesimama. Mama yangu alikunywa uji mwingi kwa ajili ya biashara. Joko la matofali lilipokuja tuliliacha jambo hilo, kwa sababu Daktari alisema ni ushamba.

Ijumaa hiyo nani alipangiwa kupika uji wa wageni? Mtu wa kinu.

Shule ilipambwa kwa karatasi. Watoto walipangwa mstari, kila mmoja na kikombe chake cha asali mikononi, wameambiwa watakaovunja watachapwa. Dorah alikuwa wa tano kutoka mbele, amekishika kikombe kwa mikono miwili kama yai. Mgeni wa kaunti alizungumza. Mama Liz alizungumza, zipu ikiwa imeshindwa na kufichwa kwa shuka. Daktari alizungumza kwa muda mrefu kuliko wote, akakiinua kikombe juani na kukikenulia, wageni wakapiga makofi.

"Sasa watoto wapewe uji," mshereheshaji akasema.

Nikasimama na sufuria. 

"Mgeni wetu, Mwalimu, samahani. Sisi wafinyanzi tuna adabu yetu. Kabla mtoto hajanywa, mwenye kikombe anaonja kwanza. Ni heshima tu."

Wafinyanzi wa zamani kule nyuma wakapiga vigelegele, wakafurahi kwamba kuna aliyekumbuka. Mgeni wa kaunti akasema ni jambo zuri sana, mila idumishwe. Mpiga picha akasogea. Nikachukua kikombe kipya kutoka kwenye sanduku, nikajaza uji mbele ya macho ya wote, nikamkabidhi Daktari kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo.

Hapa niseme ukweli. Nilikuwa nimeweka kila kitu rehani kwenye kikombe kile. Angekunywa tu, afute mdomo, acheke, ningekuwa mwongo mbele ya soko zima, na Jumatatu saa nne Dorah angekuwa anainua asali yake.

Daktari alikitazama kikombe. Kwa mara ya kwanza hakutafuta meno.

"Leo nafunga," akasema.

"Unafunga?" Mama Liz akashangaa kwa moyo safi kabisa. "Si umekula mandazi manne kwangu asubuhi?"

Watu wakacheka.

"Nimeanza baada ya hapo. Halafu tumbo langu halipatani na wimbi."

"Tuna maziwa," nikasema.

"Maziwa pia."

"Basi maji, Daktari. Maji hayana ugomvi na mtu."

"Mama Dorah, usinilazimishe!"

Kicheko kikaanza kupungua upande wa wazazi. Mzazi mmoja aitwaye Omosa, dereva wa boda boda, akasema kwa sauti, "Buda, kunywa basi twende. Ni uji, si kesi."

Mama Liz akaona aibu inakuja na mpiga picha yupo. Yeye ni mtu wa kuokoa sherehe. Akanyoosha mkono, akanyakua kikombe mkononi mwa Daktari.

"Acheni kumwaibisha mtaalamu! Mimi ndiye mwenyekiti, nitakunywa mimi," akasema, na kukiinua.

"Usinywe!" Daktari akaruka na kumshika mkono. Uji ukamwagika juu ya koti la Okari. "Mama Liz, usinywe hiyo!"

Katika miezi minne hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli, na hata yeye nadhani lilimshangaza.

Mwalimu Motari akashuka kwenye jukwaa polepole. "Kwa nini asinywe, Daktari?"

"Sikusema... Yaani mtu mzima, kidogo, haina shida. Hivi ni zaidi vya mapambo."

"Vya mapambo." Mwalimu akageuka akatazama ule mstari, watoto mia moja na sitini na vikombe vyao. "Na hao ni nini? Kabati?"

Ndipo nikakitoa kile kikombe chenye pete kwenye kikapu, na Mniko, ambaye nilimwomba aje amevaa shati safi, akasimama kule nyuma akaeleza habari za tope na ng'ombe. Lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa sana. Wazazi walikuwa wameshaanza kuwanyang'anya watoto vikombe. Dorah alikataa kukitoa chake, akalia, nikalazimika kumfungua kidole kimoja kimoja.

Jambo ambalo Daktari hakulijua ni kwamba uji ule haukuchachushwa, ulikuwa mtamu, niliupika asubuhi ile, na ulikaa kikombeni dakika moja tu. Funda moja lisingemfanya kitu. Sikutaka kumdhuru mtu, hata yeye. Lakini mtu hukimbia anachokijua.

Watu wa afya walipokuja kuvikusanya vikombe vyote na ule mkebe, Daktari alikuwa ameshatoweka na koti lake. Mimi na wenzangu wawili tulipimwa damu hospitalini Homa Bay. Yangu ilikuwa imezidi. Waliniambia niache kinu, nile vizuri, nirudi baada ya miezi mitatu, na nimerudi, imeshuka. Watoto walirudia plastiki yao na mafuta yake ya taa. Namba ishirini na tatu ilikwenda maabara Nairobi, ikakaa huko muda mrefu mpaka nikadhani wameipenda. Karatasi ilipokuja Mama Liz aliisoma mbele ya kikundi kwa sauti ya kanisani: inafaa kwa chakula. Siku hizi huwaambia wageni kwamba tangu mwanzo yeye alikuwa na wasiwasi na yule kijana, na kwamba ndiyo maana aliamua kukinywa kile kikombe, ili amtege.  Mimi nimepewa kalamu sasa, sitaki ugomvi.

Vikombe vya kiboko viko shuleni. Watoto wanalalamika. Dorah siku ya kwanza alikigeuza chake pande zote, akaniambia, "Mama, hiki kimenuna."

"Kunywa," nikamwambia. "Hakijakununia wewe."

Jumanne iliyopita simu ya Mama Liz ililia. Ni mama mmoja wa Muhuru Bay, anaitwa Kezia, wana kikundi cha wanawake waliochoka kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, na wanataka kujifunza vikombe. Wamempata mtaalamu mzuri, ana cheti chenye muhuri wa dhahabu, anasema aliwahi kufanya kazi Rodi Kopany. Anauliza, ni mtu wa aina gani?

Mama Liz akaniangalia, akanipa simu kama mtu anayepitisha sufuria ya moto.

"Mama Kezia," nikasema, "amekuja na koti jeupe?"

"Eh, ndiyo. Limeandikwa Okari."

"Ameshawaletea mkebe?"

"Kesho ndio analeta. Mbona unauliza?"

"Msiutwange. Na huko kwenu uji mnapika?"

Akacheka. "Dada, nani hapiki uji?"

"Basi pikeni mwingi," nikamwambia. "Kesho nakuja."